Sampuli Zinarudi Nyekundu: Kosa Liko Wapi Kati ya Sindano na Boda?

Kwa wataalamu wa safu ya maabara,

Hamjambo? Naandika kutoka maabara ndogo ya kliniki hapa Kayole, Nairobi. Tuko wawili, pamoja na mwanafunzi wa mazoezi anayekuja Jumatatu hadi Jumatano. Hemogramu, malaria na mkojo tunapima wenyewe. Kemia ya damu, yaani figo, ini na chumvi, tunapeleka maabara kubwa mjini. Mwezi uliopita tulipeleka sampuli 140 za kemia na 19 zikarudishwa zimeandikwa "imehemolaizi", yaani chembe nyekundu zimepasuka na kuitia sampuli wekundu. Nyingi zilikuwa za kifurushi cha Jumatatu, kwa hiyo mwenye kliniki anaamini mwanafunzi ndiye anayeharibu.

Tunavyofanya ni hivi. Tunatoa damu kwa sirinji ya mililita 5 na sindano ya bluu, tunatoboa kizibo cha chupa nyekundu na kusukuma, maana chupa zenyewe hazijai hadi alama. Kisha tunaziweka kwenye friji zisiharibike hadi mtu wa boda aje saa tisa alasiri. Jumamosi na Jumapili kliniki iko wazi nusu siku lakini boda haji, basi zinangoja humo humo. Tukipata nafasi tunazungusha wenyewe, mizunguko 4,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 15. Bonge la damu likishika ukutani mwa chupa tunalichokonoa kwa kijiti.

Mwenye kliniki anataka kununua mashine mpya ya kuzungusha damu. Daktari naye anasema tukipata potasiamu kama 6.9 kwenye sampuli nyekundu tupunguze tu kidogo tumpe jibu. Je, inafaa?

Kuna mawili mengine. Sampuli moja ilikuwa safi kabisa, haina wekundu wowote, lakini ikaja potasiamu 9.1 na kalsiamu 1.2, na mgonjwa anatembea vizuri. Na kuna kijana wa miaka 24 tuliyemtoa damu mara mbili, mikono tofauti, kwa uangalifu wote, na ya pili tukaizungusha hapo hapo. Zote mbili zilitoka nyekundu. Macho yake ni ya manjano kidogo, anachoka, anasema mkojo umekuwa kama strungi. Wiki mbili na nusu zilizopita alilazwa Busia kwa malaria kali akadungwa artesunate. Sasa kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha anayo, slaidi inaonyesha hana. Tumemwambia arudi wiki ijayo tumtoe tena.

Mwanamaabara, Kayole

JIBU

Ndugu yetu wa Kayole, pole na kazi. Tuanze na huyo kijana; sindano na mashine zitangoja. Asikae hadi wiki ijayo. Mpigieni simu leo arudi leo, na daktari aambiwe kabla hajafika.

Sampuli nyingi mno zinazofika nyekundu, zaidi ya 9 katika kila 10, zimepasukia nje ya mwili: kwenye sindano, kwenye chupa, njiani. Ndiyo maana wengi wetu tuna mazoea ya kuandika "rudia" na kwenda kwa inayofuata. Lakini damu ya mikono miwili tofauti, moja ikiwa imezungushwa papo hapo kabla haijaona friji wala boda, haipasuki mara zote mbili kwa bahati mbaya. Ongezeni macho ya manjano na mkojo wa rangi ya strungi, na inabidi mchukulie kwamba chembe zinapasuka ndani ya mishipa yake hadi ithibitike vinginevyo.

Tarehe zenyewe zinaelekeza. Artesunate huua kimelea ndani ya chembe nyekundu, kisha wengu hukichomoa kimelea kilichokufa na kuirudisha chembe kwenye mzunguko ikiwa hai lakini imedhoofika. Chembe hizo hazimalizi siku zake 120. Huanza kufa kwa wingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya dawa, na aliyekuwa na vimelea vingi ndiye hupoteza nyingi. Dawa si mbaya, iliokoa maisha yake. Ila inataka mgonjwa afuatiliwe himoglobini kila wiki kwa wiki 4, jambo ambalo hupotea mtu akishasafiri kurudi Nairobi. Kuhusu kipimo cha haraka msihangaike: kinanasa protini ya kimelea inayoweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Katika hali hii aminini slaidi, ila irudieni, na isomwe na watu wawili.

Akifika, chukueni damu kwenye chupa ya zambarau (ya kizibo cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia damu isigande) na mkojo. Himoglobini kwanza, na mlinganishe na ile ya Busia kama ana karatasi zake. Zungusheni kidogo ile ya zambarau: plazima, yaani majimaji ya damu isiyoganda, nayo ikiwa ya waridi, hoja inazidi nguvu. Tengenezeni slaidi nyembamba mtazame umbo la chembe, na mhesabu retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, kwa rangi ya methilini bluu mpya au krisili bluu. Kwenye mkojo, kijiti kikionyesha damu lakini chini ya hadubini hamwoni chembe nyekundu, hiyo ni himoglobini iliyochujwa na figo, si kidonda cha njia ya mkojo. Maabara kubwa iombeni bilirubini ya aina zote mbili (rangi ya manjano itokanayo na chembe zilizovunjika), LDH (kimeng'enya kilichojaa ndani ya chembe), haptoglobini (protini inayonasa himoglobini iliyomwagika) na kipimo cha Coombs cha moja kwa moja (kinachotafuta kingamwili zilizoshika chembe). Haptoglobini hapa ina thamani kuliko vyote, kwa kuwa hushuka chembe zikipasuka mwilini, lakini zikipasukia chupani haishuki. Kama huko Busia au baadaye alipewa primakwini, dawa nyingine ya malaria, daktari atafikiria pia upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu. Kipimo chake kikifanywa katikati ya tukio kinaweza kutoka sawa kwa uongo, kwa sababu chembe changa zilizobaki zina kimeng'enya kingi.

Na juu ya fomu andikeni kwa herufi kubwa: "Hemolisisi imerudiwa, mikono miwili, imezungushwa papo hapo. Msikatae, pimeni na mpige simu." Bila maneno hayo itagongwa muhuri kama zile mbili za kwanza. Himoglobini ikiwa imeshuka karibu na gramu 7 kwa desilita, au akipumua kwa shida hata kabla haijafika huko, hiyo ni safari ya hospitali yenye damu ya kuongeza.

Sasa zile nyingine 17, ukitoa mbili za kijana.

Tungeanza na friji. Inaonekana ni mahali salama, kumbe ndipo mnapopoteza zaidi. Chembe nyekundu imejaa potasiamu, zaidi ya mara 20 ya iliyo kwenye seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), na inaizuia isitoke kwa pampu ndogo zilizo kwenye utando wake. Baridi huzimisha pampu hizo. Damu nzima ikikaa nyuzi 4, potasiamu huanza kuvuja ndani ya saa chache bila chembe hata moja kupasuka. Seramu inatoka safi kama maji ya mvua, hakuna wa kuikataa, na jibu linaenda kwa daktari likiwa la uongo. Kwa maoni yetu hiyo inatisha kuliko sampuli nyekundu, kwa kuwa nyekundu angalau inajitangaza. Basi tazameni tena na zile 121 ambazo hazikurudishwa: za wikendi zilizokuja na potasiamu juu ya 5.5 zinastahili kurudiwa kabla mtu hajapewa dawa ya kuishusha. Zikiendelea kukaa hadi Jumatatu, utando wenyewe unachoka na wekundu unaanza kuonekana.

Kwa hiyo chupa ya kemia isione friji kabla ya kuzungushwa. Ikae wima kwenye kishikio, joto la chumba, nyuzi 18 hadi 25. (Asubuhi za Julai hapa Nairobi chumba kisicho na hita hushuka chini ya hapo, msiweke kishikio dirishani.) Damu ya chupa ya manjano, yenye jeli ya kutenga seramu na chembe, huganda kwa dakika 30, chupa nyekundu isiyo na dawa ya kugandisha huhitaji 60, na mgonjwa anayemeza dawa za kuyeyusha damu huchukua muda mrefu zaidi. Kisha zungusheni, na seramu iwe imeachana na chembe ndani ya saa 2 tangu kutolewa. Hapo ndipo friji inaruhusiwa.

Kwenye kutoa damu, kosa si rangi ya sindano peke yake. Ya bluu, namba 23, inafaa kwa mshipa mwembamba na kwa mtoto. Mtu mzima mwenye mshipa mzuri apewe ya kijani, namba 21, au nyeusi, namba 22. Kinachopasua ni nguvu. Sirinji ikivutwa kwa pupa, pistoni hutangulia damu, povu linatokea, na chembe zinakwaruzwa kwenye tundu jembamba. Mnapotoboa kizibo na kusukuma mnazipitisha tundu lile lile mara ya pili, safari hii kwa kishindo. Kama hamna kishikio cha kutolea damu moja kwa moja kwenye chupa, simamisheni chupa kwenye rafu, si mkononi, toboeni kizibo, na muache utupu wa chupa uvute wenyewe. Kidole kikae mbali na pistoni.

Mtasema: lakini haijai. Ni kweli, na sababu ni mji wetu. Utupu wa chupa kwa kawaida hupimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, hewa inasukuma kwa nguvu ndogo, kwa hiyo chupa ile ile ikitumiwa Mombasa inajaa na hapa inasimama chini ya alama. Si chupa mbovu. Kwa kemia, pungufu kidogo halidhuru, iacheni. Chupa ya bluu, ya vipimo vya kuganda kwa damu, ndiyo haivumilii, kwa kuwa inataka damu 9 kwa dawa 1. Muulizeni muuzaji kama ana chupa za nyanda za juu. Wala msijazie chupa moja kwa damu ya nyingine, jambo ambalo tutalirudia hapa chini.

Mengine ya mkononi ni madogo lakini hujumlika. Spiriti ikauke, sekunde 30, kwa kuwa ikiingia na sindano inayeyusha utando wa chembe. Mpira wa kufungia mkono uwe sentimita 7 hadi 10 juu ya mahali pa kudunga na ufunguliwe damu ikianza kutiririka, usipite dakika 1. Glavu iliyofungwa fundo hukaza kuliko inavyoonekana na hufunguka kwa taabu, tafuteni mpira wenye kifungo. Msitoe damu kwenye kanula ya dripu. Chupa yenye dawa ipinduliwe polepole, mara 5 kwa ya manjano, 8 hadi 10 kwa ya zambarau, isitikiswe kama dawa ya kikohozi. Na kile kijiti kitupeni leo. Kuchokonoa bonge ni kuzisugua chembe ukutani mwa chupa. Bonge lililoshika linamaanisha damu haikupewa muda wa kuganda au chupa haina dawa ya kugandisha. Ongezeni dakika, si kijiti.

Kuhusu daktari na kupunguza potasiamu: hapana. Makadirio yapo, kwamba kila gramu 1 ya himoglobini huru kwa lita huongeza potasiamu kwa milimoli kati ya 0.3 na 0.5 hivi kwa lita, lakini pengo hilo peke yake linatosha kumdhuru mtu. Isitoshe, mkipunguza kwa yule kijana wa Busia mtakuwa mnafuta potasiamu ambayo kweli iko kwenye damu yake. Na kuna upande ambao watu huusahau: mwenye 2.8 aliyeharisha siku tatu, sampuli yake ikipasuka, husomeka 4.0, namba nzuri, na anarudishwa nyumbani. Mpeni daktari jibu hili: "Potasiamu haikutolewa, sampuli ina hemolisisi, tafadhali leta nyingine." LDH na AST (kimeng'enya kinachopimwa kwenye vipimo vya ini) nazo zifuate njia hiyo, LDH iko ndani ya chembe kwa zaidi ya mara 100 ya seramu na AST karibu mara 40. Sodiamu, yurea na kreatinini kwa wekundu hafifu zinaweza kutolewa, zikiambatana na maelezo.

Ile sampuli safi yenye potasiamu 9.1 na kalsiamu 1.2 haina uhusiano na kupasuka kwa chembe. Dawa ya chupa ya zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kukamata kalsiamu. Mtu alijaza ya zambarau kwanza, akaona imezidi, akamimina kidogo kwenye nyekundu; au ncha ya sindano iligusa dawa kabla ya kuingia chupa ya kemia. Fosfataze ya alikali, kimeng'enya kingine cha vipimo vya ini, ikiwa nayo imeanguka, hakuna shaka tena. Utaratibu ni chupa ya bluu, nyekundu au manjano, kijani, zambarau, na kijivu mwisho, kila siku, hata mgonjwa akiwa analia.

Mashine msinunue. Mizunguko 4,000 haisemi chochote mpaka mjue urefu wa mkono wake. Pimeni kwa rula kutoka katikati ya ekseli hadi kitako cha chupa ikiwa imelala. Zidisheni sentimita hizo kwa mizunguko mara mizunguko, kisha kwa 0.00001118. Mkono wa sentimita 15 kwa 4,000 unatoa karibu g 2,680, yaani mara 2,680 ya nguvu ya mvutano wa dunia, maradufu ya inayohitajika. Kwa 2,700 unatoa karibu g 1,220, ambayo kwa dakika 10 inatosha chupa nyingi za jeli, ila someni karatasi ya mtengenezaji. Mashine yenu basi ni nzima, imepangwa vibaya tu. Msizungushe chupa ya jeli mara ya pili: seramu iliyonaswa chini na chembe, yenye potasiamu iliyovuja, hupanda na kuchanganyika na ya juu. Fedha ya mashine ikanunue vishikio vya kutolea damu, sindano namba 21 na chupa za manjano.

Njiani, seramu iliyokwisha kutengwa haijali matuta. Msimlaumu mtu wa boda kwa barabara asizozitengeneza yeye. Chupa zisimame wima, na pakiti ya barafu izungushiwe gazeti isiguse chupa, maana chembe zikiganda kwa baridi zinapasuka zote.

Hamna mashine ya kusoma kiwango cha wekundu, basi tengenezeni chati. Chukueni mililita 3 za damu ya zambarau kutoka kwa mtu aliyekubali, zungusheni, ondoeni plazima na utando mweupe, osheni chembe mara 3 kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Ongezeni maji yaliyokenekwa kiasi sawa na chembe, gandisheni usiku kucha, yeyusheni, zungusheni kwa nguvu na mchukue majimaji mekundu ya juu. Pimeni himoglobini kwa mashine ya hemogramu. Ikiwa ni gramu 150 kwa lita, mikrolita 100 ndani ya 1,400 za seramu safi zinatoa gramu 10. Kuanzia hapo punguzeni nusu kwa nusu, 750 ndani ya 750: gramu 5, 2.5, 1.25, kama 0.6, kama 0.3. Jicho huanza kuona waridi karibu na 0.3. Pigeni picha zikiwa mbele ya karatasi nyeupe, muichapishe kwa rangi, ibandikwe juu ya sinki. Kwa potasiamu, LDH na AST, kataeni kuanzia 0.6. Angalizo: seramu ya mwenye manjano huficha waridi, inaonekana ya machungwa; hiyo msiiamini kwa chati.

Na mwanafunzi? Yuko nanyi Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Angekuwa yeye, Jumanne na Jumatano zingerudi nyekundu vile vile. Kifurushi cha Jumatatu ndicho kinachobeba damu ya Jumamosi na Jumapili, siku ambazo yeye hayupo na friji imejaa.